Barua Niliyoipeleka Harusini

Nianze kwa kukiri, maana hata nisiposema mtaambiwa na wengine: mimi ndiye niliyesimama katikati ya harusi ya mtu, nimevaa kitenge kipya na hereni za kuazima, nikaomba kipaza sauti, nikamfufua marehemu. Hata hivyo sikumfufua vizuri. Alikaa hai kama nusu saa, kisha akafa tena, na safari hiyo ya pili aliyemuua ni mimi. Mpaka leo kuna watu wa Gasenyi, mtaa wa kaskazini mwa mji, wakinikuta sokoni hawaniiti Zuhura, wananiita "Sijafa," nami naitika, kwa sababu nikikataa kuitika itabidi nieleze, na nikianza kueleza, mambo yenyewe ndiyo haya.

Miaka ile ya vita nilikuwa sekretari kwenye depo moja ya magunia kule Zone Industrielle, eneo la viwanda karibu na bandari. Tulikuwa tunashona na kupanga magunia ya kahawa, wafanyakazi kama sitini, kutoka kila pembe ya mji, na mimi, mtoto wa Buyenzi, avenyu ya kumi na nne, ndiye niliyekuwa na mashine ya kuandikia, ufunguo wa kabati na ufunguo wa bwati postali. (Bwati postali ni lile sanduku la posta lenye namba. Kwetu barua haimfuati mtu nyumbani, inakaa kwenye sanduku inamsubiri mwenye ufunguo.) Wafanyakazi wengi hawakuwa na sanduku lao, basi patron, bosi wetu, akawaruhusu watumie la depo, na vita ilivyozidi barua nazo zikazidi, maana kila mtu alikuwa na mtu wake aliyekimbilia mahali, Tanzania, Kongo, bara huko mikoani, na kila aliyekimbia alitaka kujua nani amebaki.

Kila Jumanne na Ijumaa nilikwenda posta na begi, nikarudi, nikamwaga barua juu ya meza, na hapo fujo ndipo ilipoanza, watu sitini wanageuza bahasha kwa pamoja. Tulikuwa na akina Jean-Marie sita. Tulikuwa na kina mama wawili wenye jina moja, kanisa moja na mtaa mmoja, na kwa bahati mbaya hawakuwa wanasemeshana. Barua ya mtu mmoja ilikaa wiki tatu kwenye mfuko wa mwingine ambaye hajui kusoma na alikuwa anaona haya kusema.

Sasa nilikuwa na binamu yangu aliyeolewa Ubelgiji, na siku moja katika kumjibu nikamuuliza zile namba nne anazoandika kabla ya jina la mji wake ni za nini. Akanijibu kurasa mbili nzima (nadhani naye alikuwa mpweke kule). Akasema ile tarakimu ya mwanzo inasema barua iende upande gani wa nchi, zinazofuata zinasema iende mji gani, na uzuri wake ni kwamba mtu anayechambua barua kwenye ofisi kubwa hana haja ya kujua mitaa wala majina, yeye anaangalia tarakimu yake tu, anatupa kwenye mfuko unaostahili, halafu wa pili naye anaangalia yake, mpaka barua inamfikia yule wa mwisho, na huyo peke yake ndiye anayelazimika kuujua mlango. Hakuna hata mmoja anayebeba yote kichwani.

Nilisoma barua ile mara tatu. Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nikachukua daftari jipya na rula, nikagawa mji.

Nikawapa watu wangu tarakimu tano (Ubelgiji wana nne, lakini niliona sisi tuna mambo mengi zaidi). Ya kwanza ni upande: moja kaskazini, mbili katikati, tatu kusini. Ya pili ni mtaa. Ya tatu ni sehemu ya mtaa, kama ni kwenye bomba la maji au kwenye kanisa. Mbili za mwisho ni mtu mwenyewe. Depo ilikuwa na kamio tatu, malori ya mizigo, za kuwarudisha watu makwao mapema, kwa sababu ya amri ya kutotembea usiku, basi barua zikija naziandika namba kwa kalamu nyekundu, mlinzi wa geti anaangalia tarakimu ya kwanza tu anatupa kwenye kamio yake, dereva anaangalia ya pili anajua anashusha wapi, na kila mtaa ulikuwa na mfanyakazi mmoja wa kumalizia kazi. Dakika kumi, meza nyeupe. Patron alipita, akaangalia, akatikisa kichwa kukubali mara moja. Patron hakuwa mtu wa kutikisa kichwa. Nilirudi Buyenzi siku hiyo natembea kama niliyepewa wizara.

Kisha likatokea jambo ambalo sikulipanga. Miaka ile jina la mtu lilikuwa linaweza kumsemea mambo ambayo mwenyewe hakuyasema, na barua kutoka kambi za wakimbizi, yenye jina juu, ikikutwa mfukoni mwa mtu kwenye kizuizi cha barabarani, ilikuwa inaleta maswali. Watu wakaona njia. Wakaanza kuwatumia ndugu zao ujumbe: usiandike jina, andika sanduku la depo na zile namba tano, inatosha. Na mimi niliwahimiza. Nilisimama juu ya gunia nikawaambia, na nakumbuka maneno yenyewe, kwamba kwa utaratibu huu jina ni pambo tu.

Kati ya walionisikiliza alikuwa Generoza. Alikuwa mshonaji, mwanamke mrefu, mkimya, mama wa mapacha, anakaa Gasenyi karibu na bomba. Mume wake alipotea mwanzoni mwa vita, na kila aliyetoka kambi za Tanzania alikuwa anamwambia neno tofauti, mmoja amekufa, mwingine ameonekana. Namba yake ilikuwa 14203. Alikuwa anaiandika kwenye vikaratasi vidogo anavigawa kwa kila mtu anayevuka mpaka, kama mtu anayepanda mbegu asiyoijua. Siku moja aliniuliza kama namba hiyo itabaki yake. Nikamwambia itabaki yake mpaka atakapostaafu.

Hakustaafu. Ilikuja wiki moja mbaya Gasenyi, risasi zikasikika karibu, watu wengine wakahama, na Generoza akabeba watoto akaenda kwa dada yake upande wa kusini, kazini hakurudi. Mstari wake kwenye daftari ukakaa miezi bila barua hata moja.

Ndipo akaajiriwa Leokadia. Naye wa Gasenyi, naye karibu na bomba, na nilipofungua ukurasa wa Gasenyi nikakuta umejaa, mistari thelathini, majina thelathini. Kumwongeza ilibidi nifungue ukurasa mwingine huko mwisho wa daftari, baada ya kusini, na mimi ni mtu wa mpangilio, kaskazini kukaa nyuma ya kusini kuliniwasha mwili. Nikachukua kifutio. Ilikuwa kazi ya sekunde kumi. Nikapuliza vile vipande vya mpira, nikaandika "Leokadia" kwa mwandiko wangu mzuri mbele ya 14203, nikafunga daftari, nikaenda kunywa chai.

Leokadia alikuwa mjane. Au tuseme alikuwa mjane kwa kadiri watu walivyokuwa wajane miaka ile. Mume wake alikuwa dereva wa lori, akapeleka mzigo bara, lori likaonekana limeungua njiani, yeye hakuonekana. Alikaa matanga bila maiti, akasubiri miaka minne, hakuwa na mtoto. Hapo depo Deo, mtunza stoo, mwanaume mpole mwenye kilemba cha mvi kabla ya wakati wake, akaanza kumwekea sindano nzuri, zile zisizopinda, na sisi wote tukajua kabla wao hawajajua. Mwishowe wakatangaza harusi. Mimi nikachaguliwa kusema kwa niaba ya depo, kwa sababu, walisema, mimi naweza kusema.

Ijumaa, siku moja kabla ya harusi, nilifungua sanduku posta nikakuta bahasha ya kaki, imelainika kama kitambaa kwa kupita mikononi mwa watu, ina stempu ya Tanzania, haina jina. Namba ya sanduku letu, na chini yake: 14203.

Wallahi nilifurahi. Tarakimu zangu tano, nilizozichora kwa rula, zilikuwa zimevuka mpaka peke yao, bila jina, zikarudi salama. Sikuhitaji hata kufungua daftari, namba ya Leokadia niliijua kwa moyo. Kama ningeitupa kwenye kamio ya kaskazini kama barua nyingine, angeipata jioni ile, angeisoma chumbani kwake, angeona mwenyewe kuwa si yake, na mimi nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini niliibana kwapani. Nilijiambia kesho ndiyo siku yake, nitampa mbele ya watu, iwe zawadi ya depo. Nilidhani ni barua ya pongezi. Kwa nini nilidhani ni ya pongezi, sijui. Watu wa kambini walikuwa na mengi ya kuandika, pongezi za harusi hazikuwa juu kwenye orodha.

Kanisani ilikuwa saa tatu asubuhi, na saa tano tulikuwa tumekaa kwenye uwanja wa baba mkubwa wa Deo, Gasenyi, chini ya turubai, haraka haraka, maana harusi za siku zile zilikuwa zinashindana na saa ya kufunga barabara. Padre aliyewafungisha ndoa alikaa meza ya mbele. Kwetu harusi ni maneno, upande huu unasema, upande ule unajibu, na kuna mwongoza maneno anayewapanga. Huyu wa siku hiyo alikuwa na sauti nzito nzuri, ya redio. Chakula kilikuwa kinanukia nyuma ya nyumba. Akaita depo. Nikasimama.

Nilizungumza dakika kumi na mbili. Najua ni kumi na mbili kwa sababu walinihesabia baadaye. Katika dakika hizo nilieleza jinsi barua zinavyochambuliwa. Nilieleza tarakimu ya kwanza. Nilieleza tarakimu ya pili. Bibi mmoja wa upande wa bwana harusi alimuuliza jirani yake, bila kushusha sauti, kama mimi ni mtu wa serikali. Nikafika ya tano, nikatoa bahasha kwapani, nikaiinua, nikasema barua hii imetoka nchi nyingine haina jina, lakini imemjua bi harusi.

Watu wakapiga makofi. Leokadia akapokea kwa mikono miwili, akaanza kuitia kwenye kimkoba chake cheupe. Hapo ningekaa. Nikamwambia apana, dada, isomwe, sote tufurahi. Akasema polepole kwamba ataisoma nyumbani. Nikacheka, nikaichukua mkononi mwake (niliichukua, ndiyo, msiniangalie hivyo), nikampa mwongoza maneno.

Akaifungua, akakohoa, akasoma kwa ile sauti ya sherehe:

"Mke wangu. Mimi sijafa."

Alikuwa amekwisha kuanza kutabasamu kabla hajasikia anachosoma, na tabasamu likabaki pale usoni halina kazi. Mtu mmoja nyuma alipiga makofi mawili akaacha. Mwongoza maneno aliendelea, nadhani kwa sababu mdomo ulikuwa umeshika njia: wamekuambia nimekufa, najua, hata mimi huku waliniambia wewe umekufa, mpaka nilipopata kikaratasi chenye namba, ndipo nikamwomba mtu anayejua kuandika aniandikie.

Leokadia akasema, "Soma tena."

Akasoma tena, mara hii kwa sauti ya kawaida, ya mtu mmoja kumwambia mtu mmoja. Leokadia hakulia. Alikaa chini, akaweka mikono magotini, akaangalia mbele yake, na mimi niliyekuwa karibu niliona midomo yake inahesabu kitu, nadhani miaka.

Kisha kila mtu akawa na neno. Baba mkubwa wa Deo akaita wazee wa pande zote mbili kando. Padre akaweka glasi chini, akauliza kama kuna mtu yeyote aliyeuona mwili wa yule dereva kwa macho yake, na hakuna aliyeuona, wote waliliona lori. Padre akasema, kwa huzuni na kwa utaratibu, kwamba kama mume yuko hai basi ya leo asubuhi si ndoa. Mwandishi hakuhitajika, kila mtu aliiandika kichwani. Mpishi akaja mpaka pembeni ya turubai na mwiko mkononi, hajui apakue au asipakue. Mimi nilikuwa bado nimesimama pale pale na kipaza sauti, hakuna aliyekumbuka kukichukua, na kila nilipovuta pumzi ilitoka kwenye spika.

Deo hakwenda kwa wazee. Alifungua pini ya ua lililokuwa kwenye koti lake, akaliweka juu ya meza, mbele ya Leokadia, taratibu, kama anavyorudisha kitu stoo.

"Kama iko muzima, tushukuru Mungu," akamwambia. "Mi mwenyewe nitakupeleka kwake."

Leokadia akamwangalia. Akamgeukia mwongoza maneno akamwambia ageuze karatasi, asome mpaka mwisho.

Maana ilikuwa na upande wa pili. Watu zaidi ya mia, padre na wazee na mimi mwenye elimu ya tarakimu, na hakuna aliyegeuza karatasi.

Upande wa pili ulisema mguu wake wa kushoto umeumia lakini anatembea. Ulisema huko mvua ni nyingi. Na mwishoni kabisa ulisema: wasalimie Bukuru na Butoyi, waambie baba yao anawaona kila siku.

Wasiokuwa wa kwetu niwaambie: mapacha kwetu majina yao ya kuzaliwa hayachaguliwi, wa kwanza kutoka ni Bukuru, wa pili ni Butoyi, kila nyumba, kila mlima. Uwanja wote ulielewa kwa pamoja. Leokadia akasema, kwa sauti ya mtu anayeamka, "Mi siko na mapacha. Mi siko na mutoto hata mumoja."

Bwana harusi akanigeukia. Padre akanigeukia. Mpishi akanigeukia na mwiko wake. Na mimi, nikiwa na kipaza sauti mdomoni, nilimwona Generoza waziwazi kichwani mwangu, ameinama juu ya gunia na vikaratasi vyake, na nikasema neno moja, likasikika mpaka barabarani:

"Nilifuta."

Baba mkubwa akaniuliza nilifuta nini. Nikasema, mutu. Ikabidi nieleze: daftari, mistari thelathini, kifutio. Hiyo ilikuwa hotuba yangu ya pili siku hiyo, na hii waliisikiliza bila kupepesa. Nilipofika pale pa kaskazini kukaa nyuma ya kusini, mtu alicheka, kisha wawili, kisha uwanja mzima, kicheko kile cha watu waliotolewa mzigo kichwani. Padre alifuta macho na leso. Ndoa ilikuwa ndoa tena. Mpishi akarudi kupakua.

Leokadia peke yake hakucheka. Aliinuka, akaja mpaka pale nilipo, na alisema kwa kunong'ona, lakini kile chombo kilikuwa bado kinafanya kazi:

"Zuhura. Nusu saa nzima alikuwa muzima."

Kicheko kilikatika. Nimeaibika mara nyingi maishani, na nyingi nimezigeuza kuwa hadithi za kuchekesha, lakini pale nilitamani wanipige, ingekuwa nafuu. Deo alikuwa amesimama nyuma yake ameshika lile ua, hajui kama anaruhusiwa kulirudisha. Leokadia akalichukua, akamfunga mwenyewe kwenye koti, akakosa tundu la kwanza, akajaribu tena. Halafu akasema barua ipelekwe, sasa hivi, kabla hajala mtu.

Tulimwambia kesho. Padre akamwambia Jumatatu. Akasema kuna mwanamke mahali fulani ambaye mumewe yuko hai na hajui, na yeye hawezi kula nyama akijua hivyo. Basi tukapanda pikapu ya depo iliyokuwa imepambwa maua, Deo kwenye usukani, bi harusi katikati, mimi mlangoni, tukavuka mji wote kutoka kaskazini mpaka kusini. Kwenye vizuizi askari walikuwa wanainama kuangalia, wanaona shela, wanatupa baraka, wanapisha. Mmoja aliuliza maharusi wanaenda wapi. Deo akamwambia, kupeleka barua. Askari akadhani ni utani.

Nilichokuwa najua ni kwamba dada yake Generoza anakaa Kinanira, mlimani. Nilikuwa na daftari mapajani (nililichukua depo kwa mlinzi wa geti njiani, nikidhani litasaidia). Halikusaidia. Kinanira nilikuwa nimeigawa sehemu nne, zimechorwa vizuri, na Generoza hakuwemo katika hata moja, maana mtu niliyemfuta kaskazini sikumwandika kusini. Leokadia akanyosha kichwa dirishani akamuuliza mwanamke anayeuza nyanya kando ya njia: mama wa Bukuru na Butoyi, aliyetoka Gasenyi, anakaa wapi? Yule mwanamke hata hakufikiri. Geti la bluu, pitieni nyuma.

Tulimkuta anafua, mapacha wanacheza na povu. Aliona mwanamke mwenye shela anaingia uani, akasimama, akajifuta mikono. Nikaanza kumweleza. Nilianza, Mungu anisamehe, na tarakimu ya kwanza.

"Zuhura, nyamaza," Leokadia akaniambia.

Akamuuliza Generoza kama anajua kusoma. Akasema kidogo tu. Basi Leokadia akageuza ndoo, akakaa juu yake na gauni lake la harusi, pindo ndani ya maji ya sabuni, akamsomea. Hakuwa anaangalia sana karatasi, alikuwa tayari anaijua. Alisoma "mke wangu, mimi sijafa" kwa sauti tulivu kabisa, na alisoma yote, pande zote mbili.

Ilipokwisha Generoza aliuliza jambo moja tu.

"Muguu gani?"

"Wa kushoto."

"Huo ulikuwa unamuuma tangu zamani," akasema, na hapo akakaa chini kwenye maji. Leokadia akashuka kwenye ndoo akakaa naye. Walishikana pale chini muda mrefu, mmoja analia kwa aliyepatikana, mwingine analia kwa aliyepotea, na kwa kuwaangalia usingeweza kujua yupi ni yupi. Deo alikwenda kuwaonyesha mapacha honi ya gari. Mimi nilishika bahasha tupu.

Tuliporudi Gasenyi nyama ilikuwa imekwisha. Walitubakizia wali.

Jumatatu patron aliita daftari mezani kwake. Aliangalia ukurasa wa Gasenyi, akapitisha kidole pale pa 14203, palipokwaruzika kidogo, akaniambia niongeze kurasa, akarudi kwenye simu yake. Namba sikuziacha, maana kwa kamio na mlinzi na dereva zilikuwa zinafanya kazi vizuri kuliko sisi, lakini niliapa tangu siku ile: barua ikifika mkono wa mwisho, mwenyewe aniambie kwa mdomo wake anaitwa nani na anamsubiri nani, hata kama ni bili ya maji. Na barua ya mtu nampa, nageuka, naondoka. Asomewe na Mungu.

Mume wa Generoza alirudi baada ya mwaka na kitu, anachechemea, amekonda, mzima. Walifanya karamu ndogo pale nyuma ya geti la bluu, wakatualika, Leokadia na Deo wakaja na mtoto wao mchanga. Niliombwa niseme neno nikasema nina koo. Basi mume mwenyewe akasimama. Alisema anataka kumshukuru mtu mmoja, yule sekretari wa depo, kwa sababu alituma barua isiyo na jina kutoka mbali vile, yenye namba tano tu, na ile barua ikatoka moja kwa moja ikaingia mkononi mwa mke wake bila kupotea hata hatua moja. Akasema nchi ingekuwa na watu makini kama huyo, tusingefika tulipofika.

Hakuna aliyekuwa amemwambia barua ilipitia wapi. Generoza aliangalia mikono yake. Deo aliangalia ndani ya glasi. Leokadia alikuwa mstari wa mbele, amemfunika mtoto kwa kanga, na mabega yake yakaanza kutikisika, akainama zaidi, akajificha nyuma ya mtoto, na ilikuwa mara ya kwanza namwona anacheka kwa jambo lile. Watu wakanipigia makofi. Wakasema nisimame.

Nikasimama. Nikakaa, nikaendelea na wali.